Sonara si lazima awe mchoraji hodari

Wengi wanaojifunza usonara hukata tamaa mapema kwa sababu moja: "Mimi sijui kuchora." Wanadhani mchoro wa pete lazima upendeze kama picha ya kutundikwa ukutani. Si kweli. Michoro ya namna hiyo ipo, tena tangu zamani. Hans Holbein, mchoraji wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, alibuni vidani vingi kwenye karatasi, na michoro yake imehifadhiwa katika makumbusho ya British Museum, London. Lakini mchoro wa kuvutia macho ni kazi nyingine kabisa. Ule wa mezani pa fundi ni wa kufikiria.

Chukua pete yenye kito. Ukiichora kwa mbele tu, utadhani imekamilika. Ichore kwa ubavu, kwa ukubwa wake halisi, ndipo maswali yanapoanza. Kito kitashikwa na kucha (vijino vya madini vinavyokibana) ngapi? Chini yake pana nafasi, au kitagusa kidole? Pembeni andika hesabu: kipenyo cha ndani milimita 17, unene wa bamba (ukanda wa madini utakaokunjwa kuwa pete) 1.5, jumla 18.5, zidisha kwa 3.14, unapata takriban milimita 58 za kukata. Ukisahau unene, utakata 53 na pete haitapita kidoleni. Kwenye karatasi kosa hilo linafutwa kwa raba. Kwenye dhahabu, unarudi kuyeyusha.

Mistari ikipinda, haidhuru. (Wapo hata mafundi stadi wanaoanza moja kwa moja na waya au nta.) Ila vipimo usiache kuviandika: mteja akirudi mwakani akitaka hereni za kufanana na pete yake, utavihitaji.