Gemu zilizowaangusha mashabiki: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila gemu kubwa inapotoka ikiwa mbovu, maneno ni yale yale. Watengenezaji ni wavivu. Hakuna aliyeijaribu. Wangeichelewesha kidogo ingekuwa nzuri. Trela ilikuwa uongo mtupu. Mengi ya hayo yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi. Ila ukifuatilia gemu moja moja utaona kwamba mara nyingi mambo yaliharibika mapema: tarehe iliyopangwa bila kupima ukubwa wa kazi, injini (programu ya msingi inayoendesha gemu) isiyofaa, au ahadi iliyotolewa hadharani juu ya kitu ambacho bado hakijajengwa.

Dhana: E.T. ndiyo iliyoua biashara ya gemu, na katriji zake zote zilizikwa jangwani

Hii imesimuliwa sana hadi ikawa kama ngano. E.T. ya konsoli ya Atari 2600, iliyotokana na filamu ya jina hilo, ilitoka mwishoni mwa 1982, na ni kweli iliandikwa mbiombio. Makubaliano ya leseni yalikamilika mwishoni mwa Julai, na Howard Scott Warshaw alitakiwa awe amemaliza mwanzoni mwa Septemba ili gemu iwahi Krismasi. Ni wiki tano hivi, kwa kazi ambayo kwa kawaida ilichukua miezi kadhaa. Warshaw hakuwa mwanagenzi. Ndiye aliyeandika Yars' Revenge, moja ya gemu zilizopendwa sana kwenye konsoli ile.

Kero kubwa ya wachezaji ilikuwa mashimo, na ina maelezo yake. Uwanja umechorwa kana kwamba unautazama kwa mshazari kutoka juu, lakini programu huhesabu mgusano kwa kila nukta ya mwili wa E.T. Kichwa chake kikigusa ukingo wa shimo, anatumbukia, ingawa unaona wazi kwamba miguu yake iko mahali salama. Akishapanda, ukiendelea kusukuma kijiti kuelekea juu anaporomoka tena papo hapo. Anayetaka kuicheza leo aachie kijiti E.T. anapofika juu, kisha amsogeze pembeni. Mashabiki wenye ujuzi wa msimbo walikuja kuirekebisha kasoro hii wenyewe, na gemu ikawa inachezeka bila hasira. Wiki chache zaidi zingetosha kuiona na kuiondoa.

Sasa hesabu. E.T. iliuza takriban nakala milioni 1.5, ambayo si haba hata kidogo. Balaa ni kwamba Atari ilikuwa imetengeneza karibu milioni 4. Mwaka huo huo ilikuwa imetengeneza katriji milioni 12 za Pac-Man, na mamilioni yakabaki bila wanunuzi. Wakati huo madukani kulijaa konsoli zinazoshindana, kampuni nyingi mpya zilikuwa zikitoa katriji za ovyo, wenye maduka wakirudisha mizigo, na kompyuta za nyumbani kama Commodore 64 zikishuka bei. Atari ilipata hasara ya dola milioni 536 mwaka 1983. Gemu moja haiwezi kuubeba mzigo huo peke yake. Tena anguko lenyewe lilikuwa la Marekani Kaskazini zaidi: Julai mwaka huo huo Nintendo ilizindua Famicom Japani, nayo ikashamiri.

Na kule Alamogordo, New Mexico? Atari ilimwaga mzigo kweli, Septemba 1983. Dampo lilipochimbuliwa Aprili 2014, zilitolewa katriji zipatazo 1,300, na E.T. ilikuwa sehemu tu. Zilikuwemo pia Centipede, Missile Command na nyingine zilizouzwa vizuri sana. Kampuni ilikuwa inasafisha ghala.

Dhana: hitilafu hubaki kwa sababu hakuna aliyejaribu gemu

Mara nyingi wajaribu wameshaziona. Kila hitilafu huandikwa kwenye orodha na kupewa uzito: ile inayozima gemu au kufuta maendeleo ya mchezaji hutangulia, halafu zinazomzuia kuendelea, na mwisho kabisa mambo ya sura. Wiki za mwisho msimbo hauguswi ovyo, maana kurekebisha moja huweza kuzaa mbili. Ukaguzi wa kampuni zinazotengeneza konsoli nao huangalia mambo ya mfumo: kidhibiti kikichomolewa inakuwaje, nafasi ya kuhifadhi ikijaa inakuwaje. Kupita ukaguzi huo si cheti cha ubora.

Cyberpunk 2077, gemu inayochezwa ndani ya jiji moja kubwa, inaonyesha vizuri. Ilitoka 10 Desemba 2020, baada ya kuahirishwa mara tatu ndani ya mwaka huo. Kwenye kompyuta yenye nguvu ilikuwa na kasoro lakini ilipendeza. Kwenye PlayStation 4 ya awali, mashine ya 2013 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya kuzunguka, ilikuwa mateso. Jiji lote haliingii kwenye kumbukumbu, kwa hiyo gemu husoma vipande vyake kutoka kwenye diski huku ukitembea. Ukiendesha gari kwa kasi unaipita diski: barabara zinakuwa tupu, kuta zinabaki kama plastiki laini, kisha magari yanachomoza mbele yako kutoka hewani. Januari 2021 mkuu wa CD Projekt, Marcin Iwiński, alieleza kwamba kiini cha tatizo kilikuwa mfumo huo wa kupakia jiji kwenye konsoli za zamani, akadai majaribio yao hayakuonyesha sehemu kubwa ya matatizo. Wafanyakazi waliozungumza na vyombo vya habari walisema mengi yalijulikana, ila muda wa kuyashughulikia haukuwepo. Sony iliiondoa gemu kwenye duka lake 17 Desemba, ikarudi Juni 2021. Wahakiki wa mwanzo walikuwa wamepewa toleo la kompyuta tu. Hilo pekee lilitosha kumtia mtu shaka.

Zipo pia hitilafu zinazompita kila mtu. Aliens: Colonial Marines ya 2013 ilichekwa kwa sababu viumbe wake walimkimbilia mchezaji mzimamzima kama vipofu. Miaka mitano baadaye ikasambaa habari kwamba shabiki mmoja amegundua kosa la tahajia kwenye toleo la kompyuta. Fungua PecanEngine.ini, faili la mipangilio ya gemu hiyo, kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi, tafuta neno "Teather", futa herufi "a" libaki "Tether", kisha hifadhi. Mstari huo ndio unaowaunganisha viumbe na maeneo yao ya kuvamia. Ukisomeka sawa, wanaanza kuzunguka na kukushambulia ubavuni. Usitarajie muujiza, lakini. Ramani ni zile zile, na pengo kati ya gemu na maonyesho yaliyoitangulia linabaki lilivyokuwa.

Dhana: ikicheleweshwa, mwishowe itakuwa nzuri

Kauli maarufu kwamba gemu iliyocheleweshwa mwishowe huwa nzuri, na iliyoharakishwa hubaki mbaya milele, hubandikwa jina la Shigeru Miyamoto wa Nintendo. Hakuna mahojiano yaliyopatikana ambamo aliisema, na kauli za namna hiyo zilikuwa zikizunguka miongoni mwa watengenezaji wa Marekani miaka ya 1990.

Historia nayo haiiungi mkono sana. Duke Nukem Forever ilitangazwa 1997 ikatoka 2011. Daikatana ya John Romero ilipangiwa Krismasi ya 1997, ikafika Mei 2000. Zote mbili zilibadilisha injini zikiwa njiani, na hapo ndipo miaka hupotelea: ramani hujengwa upya, miondoko huhamishwa, zana za wabunifu huandikwa upya, na wakati huo washindani wanatoa kitu kipya kinachowashawishi wakuu wabadilishe tena. Kuchelewesha husaidia pale kazi iliyobaki inapojulikana na kuhesabika. Kama studio bado haijaamua gemu yenyewe ni nini, mwaka wa ziada huliwa na mjadala ule ule. Anthem ya BioWare ndivyo ilivyokwenda: hata uwezo wa kuruka, ambao ndio ulikuja kuwa raha yake kubwa, uliwekwa na kuondolewa mara kadhaa wakati wa utengenezaji.

Dhana: sayari zote zile za No Man's Sky zilikuwa uongo

Hapana. Gemu hii ya kusafiri angani iliahidiwa kuwa na sayari nyingi kupita kiasi, na hizo zilikuwepo. Hesabu kamili ni 18,446,744,073,709,551,616, yaani idadi ya namba zinazoweza kuandikwa kwa biti 64. Ungezitazama moja kila sekunde, ungehitaji zaidi ya miaka bilioni 580. Hakuna sayari iliyohifadhiwa mahali popote. Ukikaribia, namba yake inaingizwa kwenye kanuni, na kanuni hiyo inatoa milima, rangi na wanyama wale wale kila mara.

Kuwa na sayari nyingi, basi, ni rahisi. Kazi ni kuzifanya zitofautiane. Viungo vya wanyama na mimea vilikuwa vichache, hivyo baada ya saa kadhaa mchezaji alianza kutambua miguu ile ile chini ya kichwa kingine. Kilichowakasirisha watu kwa haki zaidi ni suala la kukutana. Sean Murray wa Hello Games alikuwa amewaachia watu waamini kwamba wachezaji wawili wangeweza kuonana. Siku gemu ilipotoka Agosti 2016, wawili walifika sehemu moja kwa wakati mmoja na hawakuonana. Kwenye baadhi ya maboksi ya toleo maalumu barani Ulaya kulikutwa kibandiko kilichofunika alama ya kucheza mtandaoni. Mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza ilichunguza malalamiko, na Novemba 2016 ikaamua kwamba ukurasa wa mauzo haukupotosha. Ukurasa huo, zingatia. Mahojiano ya miaka iliyotangulia hayakuwa sehemu ya kesi.

Dhana: picha zikiwa kali, mengine yatajipa

Final Fantasy XIV ya kwanza, ya 2010, ilikuwa nzuri kwa macho na nzito kama jiwe. Naoki Yoshida, aliyekabidhiwa gemu hiyo Desemba 2010, alitoa mfano wa chungu cha maua: kilikuwa na poligoni (vipande bapa vinavyounda umbo) takriban 1,000, sawa na mhusika wa mchezaji. Katika gemu ambayo mamia ya watu hukusanyika mjini, chungu kama hicho kinakula nafasi ya mtu mmoja kwenye skrini, kwa hiyo wahusika walioweza kuonyeshwa kwa pamoja walibaki wachache. Yoshida aliamua kujenga gemu mpya huku akiitunza ya zamani. Seva za zamani zilizimwa 11 Novemba 2012, na A Realm Reborn ikatoka 27 Agosti 2013.

Dhana: gemu iliyoshindwa ni ile isiyouza

Cyberpunk ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 13 kufikia 20 Desemba 2020, katikati ya fedheha. Kinyume chake, Tomb Raider ya 2013 iliuza milioni 3.4 katika wiki nne, ikasifiwa, na bado mchapishaji wake, Square Enix, akaitaja kati ya zilizokosa matarajio, kwa kuwa bajeti ilihitaji zaidi. Fallout: New Vegas ilipata wastani wa alama 84 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki. Chris Avellone wa Obsidian, studio iliyoitengeneza, alisema hadharani kwamba bonasi ya studio ilihitaji 85. Matarajio ya nani, basi? Ya shabiki na ya mhasibu hayakutani mara nyingi.

Concord ya Sony iliyaangusha yote mawili. Ilitoka 23 Agosti 2024, ikazimwa 6 Septemba, wanunuzi wakarudishiwa fedha.

Dhana: trela ilikuwa uongo

Wakati mwingine, ndiyo. Mara nyingi ni kipande kimoja cha dakika kumi kilichong'arishwa kabla gemu nzima haijakuwepo, kikiendeshwa kwenye kompyuta yenye nguvu kuliko konsoli yoyote. Watch Dogs ilionyeshwa hivyo 2012. Ilipotoka 2014 ilikuwa imefifia, na mashabiki wakakuta baadhi ya mipangilio ya mwanga ya awali bado imo kwenye mafaili ya toleo la kompyuta. Ukiangalia trela, tafuta maonyo madogo yaliyoandikwa chini, angalia kama vitufe na vipimo vya afya vinaonekana, na uulize inachezwa kwenye mashine ipi. Kama wiki ya kutoka imefika na hakuna picha za konsoli yako, subiri.

Dhana: siku hizi kila gemu hurekebishwa baadaye

No Man's Sky ilipata kuonana kwa kweli Julai 2018, bila malipo ya ziada. Cyberpunk ilibadilishwa sana na toleo la 2.0 Septemba 2023. Lakini Anthem iliahidiwa ujenzi mpya, ujenzi ukafutwa Februari 2021, na mwaka 2025 EA, mchapishaji wake, ikatangaza kwamba seva zingezimwa 12 Januari 2026. Zilizofufuka zilikuwa na mwenye fedha aliye tayari kungoja, na mchezo wa msingi ambao watu waliufurahia hata ulipokuwa mbovu. Zinazotegemea seva zina shida ya ziada: wachezaji wakiondoka, hata waliobaki hawana wa kucheza naye.

Kwa mnunuzi, Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 za kununua, ukiwa umecheza chini ya saa 2. Uliyoagiza mapema unaweza kuiondoa wakati wowote kabla haijatoka. Ikishatoka, siku 14 zinaanza kuhesabiwa tangu siku hiyo. Tangu 2024, muda unaocheza kwenye fursa ya kuingia mapema kabla ya uzinduzi nao huhesabiwa ndani ya zile saa 2. Kwa hiyo usizimalizie kwenye kuchora uso wa mhusika. Nenda moja kwa moja sehemu yenye watu wengi, endesha kwa kasi, pigana pambano moja, hifadhi, zima, washa tena uone kama maendeleo yako yapo.