Si kila kipele cha utosini ni mapunye

Mgonjwa wa aina hii huingia kliniki na kofia, na haivui mpaka mlango ufungwe. Utosini ana upara wa duara, ngozi yake laini na inang'aa, pembeni kumezungukwa na vipele vya usaha na vigaga vya manjano. Mara nyingi keshameza dawa ya mapunye zaidi ya mara moja, na kinyozi keshabadilishwa.

Ugonjwa huo kitaalamu unaitwa folikulitisi dekalvansi. Ni nadra. Daktari Mfaransa, Quinquaud, aliueleza mwaka 1888, na mpaka leo chanzo chake hakijajulikana chote. Huwapata watu wazima, wanaume na wanawake, ilhali mapunye ni ugonjwa wa watoto zaidi. Kwa hiyo mtu wa miaka 35 akiambiwa ana mapunye, ana haki ya kuuliza mara ya pili.

Kila unywele umeota ndani ya kifuko chake kwenye ngozi. Katika ugonjwa huu, bakteria aina ya stafilokokasi, ambao watu wengi wanao puani bila madhara yoyote, hukutwa kwenye vifuko hivyo, na kinga ya mwili huonekana kuwakabili kwa nguvu kupita kiasi. Kifuko huvimba, hutunga usaha, kisha hufa na nafasi yake huchukuliwa na kovu. Kwenye kovu nywele hazioti tena, hata upake mafuta gani. Ndiyo maana miezi inayopotea kwa kujaribujaribu dawa za dukani inauma sana.

Dalili moja unaweza kuiona mwenyewe ukiwa na mtu wa kukuangalizia kwenye mwanga wa jua: nywele tano, kumi au hata zaidi zinatoka kwenye tundu moja, zimesimama pamoja kama kishungi cha mswaki. Haitokei kwa ugonjwa huu peke yake, lakini ukiiona usisubiri.

Daktari wa ngozi atachukua usaha ili bakteria waliomo waoteshwe maabara na kutambuliwa, na kipande kidogo cha ngozi. Kipande hicho hukatwa ukingoni, penye vipele na nywele, kwa sababu katikati ya upara kuna kovu tupu lisiloeleza kitu.

Matibabu ni kuuzima moto uliopo. Kuponya moja kwa moja ni vigumu, na ugonjwa una tabia ya kurudi. Wengi huanza na antibiotiki iitwayo doksisaiklini. Wengine hupewa antibiotiki mbili, rifampisini pamoja na klindamaisini, mara nyingi kwa wiki kumi. Ndiyo, rifampisini ile ile ya kifua kikuu, kwa hiyo usishtuke mkojo ukigeuka rangi ya chungwa. Ila hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na huingiliana na baadhi ya ARV, basi mweleze daktari kila unachomeza.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mke, mume na watoto walale na wewe mto mmoja bila hofu. Kinyozi naye husingiziwa bure: mashine chafu inaweza kuleta fangasi, lakini haileti ugonjwa huu.

Siku ya kliniki fumua nywele, usipake mafuta, na uje na maboksi ya dawa zote ulizowahi kutumia, hata yaliyo matupu.