Mzimu wa jukwaani si pepo, ni kioo

Hapa Goma, kwenye vikundi vya WhatsApp, kuna ujumbe usiokufa: eti kumbi za Ulaya zikiigiza tamthilia za kale, mzimu unaoelea jukwaani ni pepo aliyeitwa kwa kompyuta. Video fupi huambatanishwa kama ushahidi.

Ukweli ni wa kawaida zaidi. Mbele ya jukwaa husimamishwa kioo kama cha dirisha, au siku hizi utando mwembamba unaopitisha nuru, ukiinamishwa nyuzi 45 hivi. Mwigizaji, au picha ya projekta, hufichwa pasipoonekana na watazamaji, kisha humulikwa sana. Taswira yake huakisiwa kwenye kioo, ikaonekana kama imesimama kati ya waigizaji wengine. Mbinu hiyo ilionyeshwa London mwaka 1862, kabla ya balbu za umeme kuingia majumbani. Kipya ni projekta na utando tu.

Jaribu mwenyewe usiku. Jimulike uso kwa tochi ya simu (umeme ukikatika ndiyo nafuu, na hapa hutasubiri sana), usimame mbele ya dirisha. Utajiona nje uani, juu ya mawe ya volkano. Zima tochi: umetoweka.

Kinachochanganya watu ni kamera. Simu hurekodi gizani kutoka upande mmoja, na kioo hakionekani. Aliyekaa pembeni kabisa ukumbini huenda asiuone mzimu huo hata kidogo. Video hiyo ikikufikia, usiisambaze. Aliyekutumia mweleze kwa upole habari ya dirisha.