Maswali na Majibu: Shinikizo la Mashine ya CPAP Katika Wiki za Kwanza Nyumbani

Mashine ya CPAP humpulizia mgonjwa hewa mfululizo kupitia barakoa ili koo lisijifunge anapolala. Tiba hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake mjini Sydney, Australia. Shinikizo lake hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za nyumbani hufanya kazi kati ya 4 na 20. Majibu yafuatayo yanamhusu zaidi mtu mzima aliyepewa mashine inayojirekebisha yenyewe usiku kucha ndani ya mipaka aliyowekewa.

Nikivaa barakoa nahisi kama nakosa hewa. Je, shinikizo limezidi?

Mara nyingi ni kinyume chake, na jambo hili huwashangaza wengi. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mipaka ya 4 hadi 20, na kuna wagonjwa wanaokabidhiwa bila mtu yeyote kugusa namba hizo. Kwa mtu mzima, hasa mwenye mwili mkubwa, shinikizo la 4 huleta hewa kidogo kiasi kwamba anahisi amefungiwa ndani ya barakoa, akaivua kabla hata ya usingizi kumchukua. Isitoshe, mashine inayoanzia chini sana hulazimika kupanda hatua kwa hatua huku pumzi imekwisha kuanza kukatika, na inapofikia kiwango kinachotosha, mgonjwa ameshaamka. Ndiyo maana daktari anaweza kupandisha kiwango cha chini hadi 6 au 7, na malalamiko mengi yakatulia bila kugusa kitu kingine.

Angalia pia muda wa kupanda taratibu, yaani zile dakika za mwanzo ambazo mashine hubaki chini ili mtu apate usingizi. Ukiwekewa dakika 45 nawe hulala baada ya dakika 10, sehemu ya kwanza ya usingizi wako inapita bila tiba kamili.

Kama taabu yako ni kutoa pumzi wala si kuvuta, hilo ni suala tofauti. Mashine nyingi zina mpangilio wa kupunguza shinikizo kidogo wakati wa kutoa pumzi, kwa kawaida katika ngazi ya 1 hadi 3. Unasaidia sana, lakini kwa baadhi ya watu ngazi ya juu huliacha koo lianze kujifunga tena, kwa hiyo anayeuongeza hana budi kufuatilia namba za siku zinazofuata.

Asubuhi mashine inaonyesha matukio 9 kwa saa. Niombe shinikizo liongezwe?

Usianzie hapo. Namba hiyo ni wastani wa mara ambazo pumzi ilikatika au kupungua kwa kila saa ya matumizi, na madaktari wengi hulenga ishuke chini ya 5. Usiku mmoja hautoshi kuhukumu: ukilala chali, ukinywa pombe jioni au ukiwa na mafua, namba hupanda. Tazama wastani wa wiki nzima, kisha utazame mvujo wa hewa kabla ya kufikiria shinikizo.

Kwa maoni yangu, mvujo ndio unaostahili kuchunguzwa kwanza katika wiki za mwanzo, kwa sababu huharibu kila namba nyingine. Hewa inapopenya pembeni mwa barakoa au kutokea mdomoni, koo halipati shinikizo lililokusudiwa, vipimo vya mashine vinapoteza uhakika, na mgonjwa huamka macho yamekauka au mdomo umekuwa mkavu kabisa. Katika mashine za ResMed, mpaka unaotumika ni lita 24 kwa dakika. Usiulinganishe na namba ya mashine ya kampuni nyingine, kwani baadhi huhesabu pia hewa inayotoka kwa makusudi kwenye vitundu vya barakoa.

Rekebisha mikanda ukiwa umelala kitandani na mashine ikiwa inapuliza, kwa kuwa barakoa iliyokaa vizuri ukiwa umeketi inaweza kuachia mara tu unapogeuka ubavu. Usiikaze kupita kiasi, maana mto wake hubonyea, mvujo ukaongezeka na ngozi ikachubuka. Ikiwa hewa inatokea mdomoni, tibu kwanza pua iliyoziba, washa kifaa cha kutia unyevu, na ikishindikana uliza juu ya barakoa inayofunika pua na mdomo pamoja. Kuuziba mdomo kwa utepe ni hatari kwa mtu mwenye pua iliyoziba au anayeweza kutapika.

Hewa haivuji, lakini matukio bado ni mengi. Sasa niongeze?

Inategemea ni matukio ya aina gani. Kuna pumzi inayokatika kwa sababu koo limeziba, na hiyo hupungua shinikizo likipanda. Kuna pia inayokatika kwa sababu ubongo haukutuma amri ya kupumua ingawa koo liko wazi, na kwa hiyo kuongeza shinikizo hakusaidii, pengine huzidisha. Baadhi ya watu hupata aina hii ya pili wanapoanza tiba, na kwa wengi wao hupungua ndani ya wiki au miezi michache. Ripoti ya mashine huzitenganisha aina hizi, ijapokuwa pumzi isiyo na mpangilio ya mtu aliye macho nayo inaweza kuhesabiwa kimakosa. Mwenye udhaifu wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au anayetumia dawa kali za maumivu za jamii ya morfini apeleke ripoti hiyo kwa daktari mapema.

Tumbo linajaa hewa usiku. Nifanye nini?

Hewa inamezwa. Angalia shinikizo ambalo mashine haikulizidi kwa asilimia 95 ya muda. Ikiwa ni 11, huenda kikomo cha 20 hakina kazi, na daktari anaweza kukishusha. Hakikisha pia kwamba mvujo hauipandishi mashine bure. Kuinua kichwa cha kitanda na kutibu kiungulia husaidia.

Nimeletewa mashine iliyotumika kutoka ng'ambo. Naweza kuitumia ilivyo?

Hapana. Mipangilio iliyomo ni ya mwenyewe wa kwanza. Tena Juni 2021 Philips ilitangaza kurejeshwa kwa mamilioni ya mashine kwa sababu ya sifongo ya ndani inayoweza kumomonyoka, kwa hiyo namba ya mashine ihakikiwe kwanza. Ipo pia mashine ya aina nyingine inayofanana kwa sura lakini hurekebisha kila pumzi ya mgonjwa. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba aina hiyo iliongeza vifo vya ugonjwa wa moyo miongoni mwa watu ambao moyo wao unasukuma damu kwa udhaifu mkubwa.

Daktari ameniruhusu kubadilisha mwenyewe. Niende vipi?

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa kiasi kidogo kama sentimita 1, kisha ukiache kwa siku kadhaa. Andika kwenye daftari tarehe, namba ya zamani, namba mpya na sababu. Anayebadilisha barakoa, kiwango cha chini na unyevu usiku uleule hatajua kilichomsaidia wala kilichomdhuru.

Ni lini nisisubiri?

Ukiwa bado unasinzia ukiendesha gari au bodaboda, acha kuendesha na uwasiliane na daktari siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi ukiwa macho, au damu ya pua isiyokoma vinahitaji hospitali mara moja.