Utambi Uliobadili Historia ya Mshumaa

Mshumaa wa leo ukishawashwa huwaka wenyewe hadi uishe, na kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba ndivyo ulivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Kwa sehemu kubwa ya historia yake mshumaa ulihitaji mtu wa kuushughulikia usiku kucha, na hali hiyo ilikoma tu katika karne ya 19.

Wamisri wa kale walilowesha matete katika mafuta ya wanyama na kuyawasha, lakini hivyo vilikuwa vienge zaidi kuliko mishumaa, maana havikuwa na utambi. Warumi walichovya nyuzi katika shahamu, yaani mafuta ya ng'ombe au kondoo yaliyoyeyushwa, wakaacha yagande, kisha wakachovya tena na tena mpaka unene uliotakiwa upatikane. Huko China nta ilikusanywa pia kutoka kwa wadudu wadogo wanaoishi juu ya matawi ya miti.

Katika Ulaya ya zama za kati, mshumaa ulitambulisha hadhi ya mwenye nyumba. Nta ya nyuki, isiyo na moshi mwingi wala uvundo, iliwaka makanisani na kwa matajiri, ilhali watu wa kawaida walivumilia harufu ya shahamu. Kazi ya kutengeneza mishumaa ya nta na ile ya shahamu zilitenganishwa kiasi kwamba mjini London kila moja ilikuwa na chama chake cha mafundi: wa shahamu walipata hati ya kifalme mwaka 1462, na wa nta mwaka 1484. Serikali nayo haikukawia kuona mapato. Kuanzia mwaka 1709 Uingereza ilitoza ushuru wa mishumaa, na kujitengenezea nyumbani bila leseni kukawa kosa; ushuru huo ulifutwa mwaka 1831.

Kero kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa utambi. Katikati ya mwali wa mshumaa hakuna oksijeni ya kutosha, kwa hiyo ncha ya utambi ulionyooka huungua ikawa makaa bila kuisha na kuwa majivu. Shahamu inavyopungua, kipande hicho cheusi huzidi kurefuka, hufyonza mafuta mengi kuliko yanayoweza kuungua, na mwali huanza kutoa masizi. Kisha ncha huinama, huyeyusha ukingo wa mshumaa, na mafuta hutiririka ubavuni yakapotea bure. Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na mkasi maalumu wenye kisanduku juu ya makali yake, ili kipande kilichokatwa kikiwa bado chekundu kiingie humo badala ya kuanguka mezani. Katika majumba ya maonyesho waliajiriwa watu wa kufanya kazi hiyo tu.

Dawa ilipatikana Ufaransa katika miaka ya 1820, pale Mfaransa aitwaye Cambacérès alipoanza kutumia utambi wa pamba uliosukwa badala ya uliosokotwa. Utambi wa namna hiyo hujikunja kadiri unavyoungua, na ncha yake hutokeza ukingoni mwa mwali, mahali penye joto kali na hewa, ikateketea kabisa. Kwa maoni yangu ugunduzi huu mdogo haujapewa sifa unayostahili, pengine kwa sababu ulitokea wakati mmoja na kazi ya mkemia Michel Eugène Chevreul. Yeye alionyesha kwamba shahamu ni muungano wa glisirini na asidi za mafuta, na kwamba glisirini ikitolewa hupatikana stearini, kitu kigumu, cheupe, kisicho na uvundo. Mwaka 1825 alipata hataza ya kutengeneza mishumaa kwa njia hiyo pamoja na mkemia mwenzake, Gay-Lussac.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Mwaka 1834 Joseph Morgan alibuni mashine iliyoweza kutoa mishumaa 1,500 kwa saa. Mwaka 1850 James Young wa Uskoti alipata hataza ya kutoa mafuta na nta ya parafini kutoka katika makaa ya mawe, na udhaifu wa parafini wa kuyeyuka upesi ukatibiwa kwa kuichanganya na stearini. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday, katika mihadhara yake kwa vijana jijini London mwishoni mwa mwaka 1860, aliutumia mshumaa kufundishia kemia: aliuzima, akasogeza moto kwenye mvuke uliokuwa ukipaa, na mwali ukarukia utambi bila utambi wenyewe kuguswa. Jaribio hilo linaonyesha kwamba kinachowaka ni mvuke wa nta, si nta yenyewe.

Taa ya umeme ilipoenea, mshumaa ulibaki kwa ibada, sherehe na manukato. Mishumaa ya kwenye vyombo vya kioo, ambayo nta yake huyeyuka na kuwa kidimbwi, ilileta shida mpya ya kuusimamisha utambi, na baadhi ya viwanda vikatia waya wa metali ya risasi ndani yake. Waya huo ukiungua hutoa risasi hewani, sumu inayodhuru zaidi watoto wadogo. Marekani iliupiga marufuku mwaka 2003, na nafasi yake imechukuliwa na zinki, karatasi au pamba tupu.