Je, wajua mtaalamu hutambuaje umri wa marehemu kwa kutazama mifupa yake?

Makumbusho yanapotenga siku ya kuwaruhusu wageni kushika nakala za mafuvu na mifupa ya paja, na kujaribu kwa mikono yao kazi ya mwanaakiolojia au ya mchunguzi wa jinai, swali la umri ndilo linalofaa kuanza nalo, kwa kuwa jibu lake huonekana wazi juu ya mifupa yenyewe.

Mtoto mchanga huzaliwa akiwa na vipande vya mifupa vinavyokaribia 300, ilhali mtu mzima kwa kawaida ana mifupa 206, kwa sababu vipande vingi huungana kadiri mwili unavyokua. Mfupa mrefu hurefukia kwenye tabaka la gegedu lililo karibu na ncha zake, na ukuaji unapokoma, tabaka hilo hugeuka mfupa na ncha hushikamana na sehemu ya kati. Kila kiungo kina wakati wake: kiwiko hutangulia, goti na bega hufuata, na ncha ya mtulinga iliyo upande wa kidari huwa ya mwisho, mara nyingi mtu akiwa tayari ametimiza miaka 20 na zaidi. Wasichana huwatangulia wavulana, jambo ambalo mtaalamu hana budi kulizingatia.

Meno ni ushahidi wa kuaminika zaidi kwa watoto, kwani njaa na maradhi huyachelewesha kidogo kuliko yanavyoichelewesha mifupa. Gego la kwanza la kudumu huota karibu na umri wa miaka 6, la pili karibu na miaka 12, na picha ya eksirei huonyesha hata mizizi ya meno ambayo bado inajengeka ndani ya taya.

Kwa mtu mzima kazi huwa ngumu, kwa kuwa ukuaji umekwisha na kinachosomwa sasa ni uchakavu. Mtaalamu hutazama hasa mahali mifupa miwili ya kinena inapokutana mbele ya nyonga: kwa kijana uso wake una migongo na mifereji kama matuta ya shamba, kisha husawazika, na uzeeni huanza kumomonyoka. Nakala za sehemu hii zikipangwa kwa umri, hata kidole cha mgeni huitambua tofauti hiyo. Hata hivyo, kasi ya uchakavu hutofautiana sana baina ya mtu na mtu, na ndiyo maana ripoti makini husema “kati ya miaka 35 na 50” badala ya kutaja mwaka mmoja.

Upana huo wa makadirio, kwa maoni yangu, unastahili heshima kuliko lawama. Polisi hulinganisha makadirio hayo na orodha ya watu waliopotea, na mtaalamu akiyabana kupita kiasi, jina la marehemu anayetafutwa linaweza kuondolewa kwenye orodha kabla ya vinasaba vyake kupimwa.