Kukosa hifadhidata si kinga

Nimechoka kulisikia dai hili, liwe la SACCO ya Kampala au la shule ya Arua: "Tovuti yetu iko kwenye Grav, haina hifadhidata, kwa hiyo haidukuliki."

Haidukuliki vipi? Grav ni programu ya kuendesha tovuti inayoweka kila kitu kwenye faili za kawaida. Kurasa zimo `user/pages`, mipangilio `user/config`, na kila mhariri ana faili yake ya maandishi (YAML) ndani ya `user/accounts`, yenye jina, barua pepe na hashi ya nenosiri, yaani nenosiri lililofumbwa. Fomu ya kujiunga ikiwekwa ihifadhi majibu, nayo hukaa `user/data`. Yote hayo yamo ndani ya folda ileile ambayo seva inaihudumia kwa umma. Hifadhidata kama MySQL angalau huuliza nenosiri. Faili haiulizi kitu.

Kinachowazuia watu wasizisome ni `.htaccess`, faili ya kanuni za seva inayokuja na Grav. Programu ya seva ya Apache huisoma, ile ya Nginx haiitazami kabisa. Watu wanahamia VPS (seva ya kukodi) ya bei nafuu yenye Nginx, tovuti inafunguka vizuri, picha zinaonekana, wanadhani kazi imekwisha. Kanuni za Nginx zenyewe zimeshaandikwa, zimo `webserver-configs/nginx.conf`. Zinakili kwenye usanidi wa tovuti yako, pakia Nginx upya, kisha andika kwenye kivinjari anwani yako ikifuatiwa na `/user/config/system.yaml`. Ukipata 403, yaani umekataliwa, uko salama hapo. Ukiona maandishi, izime tovuti sasa hivi, rekebisha, na badilisha manenosiri yote. Kama `user/data` ina majina na namba za simu za wanachama, Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu, hata mkiwa watu wanne tu ofisini.

Ruhusa za kusoma na kuandika: folda 775, faili 664, ila faili za folda ya `bin` ziwe 775. Anayekushauri 777, yaani yeyote kwenye seva aandike, usimpe funguo za seva. Kusasisha: amri `bin/gpm selfupgrade` kwa Grav yenyewe, halafu `bin/gpm update` kwa viongezi vyake. Bakapu ni `bin/grav backup`, ila zipu hubaki kwenye folda ya `backup` palepale kwenye seva. Ipakue, maana diski ikifa inakufa nayo.

Jambo moja bado linanisumbua. Wahariri wawili wakifungua ukurasa mmoja, anayehifadhi mwisho anaweza kufuta kazi ya mwenzake. Git, programu ya kutunza historia ya faili, husaidia, mradi `user/accounts` na `user/data` zimo kwenye `.gitignore`, orodha ya vitu ambavyo Git haivigusi. Hata hivyo, ofisi ambayo watu watano wanahariri habari kila asubuhi, nasita kuipendekezea Grav.